Ati Hii Ndai Haijawahi Ua Mtu

Pakingi ya Lusenda, hapo barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka inapopita kati ya vibanda, shofere ako na vile hukuuzia siti. Haanzi na bei. Anapiga Probox yake makofi mbili kwa bodi, ka msee anauza ng'ombe, alafu anakuangusha na hii: "Yaya, hii motokari haiyauaka mutu." Imeisha. Wamathe wanapanda na magunia ya mihogo, mayut wanajibana wanne kwa siti ya watatu, na hakuna mtu ameuliza kitu.

Mi ni mtoi wa Fizi, huku huku Kongo, mwenye amekulia Kayole, Nairobi, kwa hivyo hii laini nimeiskia pande zote mbili. Nairobi dere wa mat hukupea hiyo hiyo, tofauti ni ati ngoma imefunguliwa mpaka kioo inatetemeka. Na vile nimekuwa nikicheki, makampuni kubwa za ndai, zile za mabilioni, hubonga the same tu na shofere wetu, ni vile zenyewe zimevaa suti na zimeshika karatasi ya namba. Siku hizi kabla niingie box ya mtu niko na maswali mbili. Kati ya ngapi? Na umelinganisha na nani?

Anza na sufuri ya shofere. Tuseme hadanganyi, kweli hajawahi ua. Fiti. Kati ya safari ngapi? Wasee wa takwimu wako na kahesabu kamoja kadogo, hakataki hata simu. Kitu ikikosa kutokea kabisa, unachukua tatu, unagawanya kwa idadi ya mara ilikuwa inaweza kutokea, na jibu ndio hatari kubwa zaidi yenye bado huwezi ikataa ukiwa na uhakika wa asilimia 95. Probox imepiga safari 3,000 bila kifo? Tatu gawanya kwa 3,000, unabaki na moja kwa elfu. Inakaa kitu kidogo. Sasa cheki mathe wa Lusenda mwenye huenda soko ya Baraka mara mbili kwa wiki, kwenda na kurudi. Hizo ni safari kama 200 kwa mwaka, na kwa miaka tano amegonga elfu. Sufuri yote ya shofere, na jasho yake yote ya safari 3,000, bado haijamtolea huyu mathe hofu ya hiyo miaka tano. Sijadai atakufa. Nadai hiyo sufuri bado ni changa sana kupewa maiki.

Kuna ingine hunichekesha na kuniuma saa moja. Ile Probox yenye ilianguka na watu iko wapi? Haiko pakingi. Iko nyuma ya gereji mahali, imeuzwa vipande vipande, mlango umeenda Mboko, injini imeenda Uvira. Dere wake pia hayuko hapa akipiga bodi makofi. Pakingi nzima imejaa ndai zenye hazijaua ju zenye ziliua zilitolewa kwa foleni kitambo. Ukihesabu wenye wamebaki peke yao, kila mtu ni bingwa wa usalama. Toyota wenyewe walikuwa na tangazo Marekani ikisema zaidi ya asilimia 80 ya Toyota zenye ziliuzwa kwa miaka 20 iliyopita bado ziko barabarani. Namba inaweza kuwa safi kabisa na bado ikupeleke ovyo: kampuni yenye inauza zaidi kila mwaka itakuwa na ndai nyingi za juzi juzi ndani ya hiyo hesabu, na ya juzi lazima bado inatembea. Uliza zile za mwaka wa 19 na wa 20 peke yao ndio uone kama hiyo 80 bado inasimama.

Sasa tuvuke maji. Tarehe 7 Mei 2016, Florida, msee alikuwa kwa Tesla Model S imewekwa Autopilot, ule mtambo wa kujishikia usukani kwa barabara kubwa. Trela ikakata barabara mbele yake, ndai ikaingia chini ya trela, akakufa. Mwisho wa Juni kampuni ikatoa taarifa yake. Ikasema hiki ni kifo cha kwanza kinachojulikana kwa zaidi ya maili milioni 130 za Autopilot, na ikaweka kando yake namba mbili za kulinganisha: Marekani nzima mtu mmoja hufa kila maili milioni 94, na dunia nzima kila maili milioni 60. Ukisoma mbio mbio unaona 130 imechapa 94, imechapa 60, hii mashine si ya kuchezewa.

Lete maswali yetu. Kati ya ngapi? Kifo kimoja. Kingetokea kingine kesho yake, 130 ingekatika ikawa 65, na ile 94 ingekuwa juu. Namba yenye inaweza pinduliwa na trela moja haijafika mahali pa kubeba tangazo. Hiyo hiyo 2016 watafiti wawili wa shirika la RAND, Nidhi Kalra na Susan Paddock, walikalia hii swali poa. Walichukua vifo vya barabara za Marekani, 1.09 kwa kila maili milioni 100, wakauliza ndai ya kujiendesha itembee kiasi gani bila kuua hata mmoja ndio iseme kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba si mbaya kuliko binadamu. Jibu: maili milioni 275. Na hiyo 275 haikutoka kwa kompyuta ya ajabu. Tatu, gawanya kwa 1.09, zidisha na milioni 100. Ni ile ile hesabu ya Probox, na Tesla ilikuwa imepiga chini ya nusu ya hiyo safari na tayari iko na maiti moja.

Swali la pili ndilo linaumiza zaidi. Ile 94 ya Marekani imebeba kila mtu: pikapu imeoza breki, mlevi wa saa nane usiku, msee wa pikipiki, mtu anavuka kwa miguu, barabara za ushago zenye hazina taa. Autopilot nayo huwashwa wapi? Barabara kubwa, pana, imechorwa mistari, ndani ya ndai mpya yenye bei yake ingejenga keja kadhaa Baraka. Kulinganisha hizo mbili ni kuchukua mtu wa boti kubwa siku ziwa imetulia, umpime na wavuvi wote wa Tanganyika, usiku na mchana, upepo na mvua, alafu useme boti ndiyo imeshinda.

Ngoma haikuishia hapo. Januari 2017 NHTSA, ile ofisi ya serikali ya Marekani yenye huangalia usalama wa barabara, ikifunga uchunguzi wake iliandika kwamba ajali za Tesla zilishuka karibu asilimia 40 baada ya ndai kuwekewa programu ya kushika usukani. Wueh. Hiyo 40 ilipigiwa debe kila mahali. Kuna msee anaitwa Randy Whitfield, wa kampuni ndogo ya takwimu inaitwa Quality Control Systems, hakutulia. Akadai apewe data, mambo ikafika kotini, na Februari 2019 akatoa vile alipata. Ndai zilikuwa 43,781. Zenye maili zao zote zilikuwa zimeandikwa vizuri, kabla na baada, zilikuwa 5,714 tu. Kwa zingine nyingi, maili za kabla zilikosekana lakini ajali za kabla zilihesabiwa.

Unaona hiyo shimo? Sema tunaandika ajali zote za barabara ya Baraka tangu Januari, lakini daftari ya safari tumeianza Julai. Januari mpaka Juni itakaa vita: ajali zimejaa, safari karibu hakuna. Kuanzia Julai itakaa mbinguni. Na hapo katikati ukiwa umepaka Probox rangi mpya, utaapa ni rangi ndio imeokoa watu. Kwa zile 5,714 zenye data imekamilika, ajali hazikushuka. Zilipanda asilimia 59. Na tafadhali usikimbie na hiyo 59 pia, ju ni kundi dogo na huenda si kama zile zingine. Chenye tunajua ni ati ile 40 haikuwa na miguu.

Lusenda iko na tangazo yake haijaandikwa ukuta wowote. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapa 2015, wakati Warundi walikuwa wanakimbia moto wa kwao, na tangu hapo hii barabara imezoea Land Cruiser nyeupe za mashirika, za antena ndefu: HCR, CNR, MSF wa Baraka, na zingine za herufi tatu tatu. Mayut wenye wamekulia kambi wamezicheki tangu wakiwa watoto. Muulize msee akishika ganji atabuy ndai gani, na jibu haina kusita. Ukimuuliza kwa nini atakwambia hizo haziangukagi, na watu wao hawakufaka hovyo.

Tukubali ni kweli. Nani ameshika usukani? Dere mwenye amefanyiwa mtihani kabla ya kupewa ufunguo. Mkanda ni lazima hata kwa bosi. Mashirika mengi hukataza kutembea usiku, na kukiwa na mvua mbaya ama risasi zimeskika mbele, safari inafutwa tu na mshahara bado unaingia. Abiria ni wenye wameandikwa kwa karatasi, hakuna kubeba mtu wa kando, hakuna mbuzi juu. Sasa toa hiyo dere na hizo sheria zake uziweke kwa Probox. Alafu peana hiyo Land Cruiser kwa shofere mwenye lazima apige raundi mbili kabla giza ndio alipe tajiri wake, umpangie watu kumi na sita nyuma. Rudi uniambie chenye kilikuwa kinaokoa watu ni bodi ama ni mkono. Mi naamini mkono ndio ulikuwa unafanya kazi kubwa, na bodi ikachukua sifa.

Na nyota za usalama, zile ndai hupewa ikishagongeshwa kwa majaribio, pia zina mambo. Mwaka wa 2016 wapimaji wa Australia, ANCAP, walipea Land Cruiser ya 70 nyota tano. Safi. Lakini nyota zilienda kwa ile ya kabini moja peke yake, pikapu ya kazi yenye iliongezewa mifuko ya hewa mpaka ikafika tano. Ile ndefu yenye tunaijua huku, ya benchi mbili nyuma watu wakiangaliana magoti, haikuwa kwa hizo nyota. Uso ni mmoja, pua ni moja, lakini ukikaa kwa benchi ya kando na ndai igonge kitu, mwili wako unaenda mbele kwa ubavu na mara nyingi hakuna kitu cha kukushika. Nyota za ndugu yake hazikusaidii.

Uzito pia huchezewa hivyo. Oktoba 2018 Tesla ilidai Model 3 ndio ndai yenye uwezekano mdogo kabisa wa kuumiza mtu kati ya zote NHTSA imepima. NHTSA wakawaandikia barua wakiambia hiyo hapana. Kwa kipimo cha mbele, ndai inagongeshwa kwa ukuta, na hiyo ni kama kugongana na ndai ya uzito wako. Kwa hivyo unaweza linganisha tu zenye uzito wao haujapishana kwa zaidi ya kilo 113 hivi. Kagari kepesi kakipata nyota tano kamefaulu mtihani wa wepesi wenzake. Kakutane na lori ya mchanga hapo Makobola, mtihani ni mwingine.

Alafu kuna wenye hakuna nyota imewahi kuwahesabu vizuri, na kwetu ndio wengi. Shirika la Afya Duniani husema zaidi ya nusu ya watu wenye barabara huua ulimwenguni ni wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Tangazo la usalama wa ndai hubonga na mwenye amekaa ndani. Mathe wa kuni anatembea kando ya barabara na mzigo kwa kichwa hayuko kwa hiyo hesabu, na ndai ikiongezwa uzito na kimo ndio mwenye ako ndani aongezewe nyota, yeye ndiye analipa. Wasee wa Sange wanajua hii kuliko mtu yeyote. Tarehe 2 Julai 2010 lori ya mafuta ilipinduka hapo, barabara hii hii ukiendelea kaskazini mwa Uvira, na moto ukachukua zaidi ya watu 230. Karibu wote hawakuwa ndani ya gari lolote. Walikuwa kijijini kwao.

Ukidhani hizi hesabu ni uzembe tu, ngoja nikuchanue na story ya Volvo. 1990 walitoa tangazo kwa runinga za Marekani. Lori ya mataya makubwa, inaitwa Bear Foot, inapanda juu ya foleni ya magari na kuyaponda moja moja ka makopo. Inafika kwa Volvo 240. Paa inakataa kukunjika. Ndai zingine zote ni chapati, Volvo imesimama na nidhamu yake. Nani hangenunua?

Sasa vile ilienda ni hivi. Tangazo lilipigwa Juni Austin, Texas, mbele ya umati wenye walikuwa wameitwa kujaza viti, na baadhi yao wakaona chenye hawakufaa kuona. Volvo ilikuwa imetiwa nguvu ndani ya paa. Zile zingine nguzo za paa zao zilikuwa zimekatwa. Maneno ikafika kwa Jim Mattox, mwanasheria mkuu wa Texas. Volvo ikavuta tangazo, ikanunua nafasi kwa magazeti kuomba radhi, na ikalipa Texas dola 316,250 za gharama ya uchunguzi. Mwaka uliofuata tume ya biashara ya Marekani ikapiga kampuni na wakala wake wa matangazo dola 150,000 kila mmoja.

Chenye hunishinda ni hiki: hawakuhitaji. Hii ni kampuni ile ile yenye mwaka wa 1959 injinia wake Nils Bohlin aliweka mkanda wa pointi tatu kwa ndai za kuuza, na wakaachia watengenezaji wengine wautumie. Huo mkanda uko kwa Probox ya Lusenda leo, kama hakuna mtu ameukata akafungie mzigo. Kampuni ilikuwa na ukweli mkubwa kwa mfuko na bado ikaenda kununua msumeno.

Afrika nayo huwa inauziwa nini? Global NCAP na chama cha magari cha Afrika Kusini wamekuwa wakigongesha ndai zenye zinauzwa huku. 2018 waligongesha Nissan NP300 Hardbody, pikapu mpya, ya dukani, na ikatoka na nyota sufuri za usalama wa watu wazima. 2020 wakafanya kitu kali zaidi: wakachukua hiyo pikapu mpya ya Afrika wakaigonganisha uso kwa uso na Nissan Navara ya 2015 yenye ilikuwa imeshatumika Ulaya. Jibu lao lilikuwa wazi. Dere wa ile mpya pengine angekufa. Wa ile mitumba angetoka akitembea. Kampuni moja, aina moja ya ndai, abiria wa bara mbili tofauti.

Hapo kuna wasee Baraka watashangilia ati mitumba ndio noma. Tulia kiasi. Ile Navara ilikuwa na miaka mitano na kila kitu chake kiko mahali. Probox yetu ilianza kuundwa 2002, na hii yenye iko mbele yako huenda imepita Japani, bandari ya Dar es Salaam, bariyeri zisizo na idadi na mafundi kadhaa wa panel. Nyota za ndai hupimwa siku ikiwa mpya. Mfuko wa hewa ulishafyatuka mbele ya mtu mwingine huko nyuma? Dashibodi imezibwa na gundi? Karatasi ya Japani haiwezi kukuambia.

Na kuna kitu yenye hakuna maabara imewahi kupima ju hakuna mtu alifikiria inaweza fanyika. Hizi ndai zimetoka nchi za kuendesha kushoto, usukani uko kulia. Kongo tunaendesha kulia. Shofere akitaka kuovateki lori ya kokoto hawezi ona chenye kinakuja, anamuuliza abiria wa mbele: "Njia iko?" Huyo abiria, mwenye pengine ako na manzi kwa simu, ndiye sasa kifaa cha usalama. Hiace nazo, mlango wa kusukuma uko kushoto, kumaanisha watoto wa shule wanashukia katikati ya barabara pikipiki zinapopita. Ndai ni nzuri. Imewekwa tu kwa nchi ya kioo.

Pikipiki lazima niiguse kidogo, ju wengi wetu Lusenda tunapandia hapo, TVS ama Boxer, watu watatu na kuku. Utafiti mkubwa wenye ulikusanya tafiti zingine ulipata helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Asilimia ya kupunguza inafaa iulizwe imepunguza kutoka wapi: ukikata 42 kwa kitu chenye karibu hakipo, umekata upepo. Lakini pikipiki hatari yake ni mlima, na ukikata mlima karibu nusu hiyo ni maisha ya watu. Hapa namba ya tangazo na namba ya ukweli zimekubaliana, na bado motard ameninginiza helmeti kwa mkono.

Unaweza uliza, sasa ni nani alihesabu poa? Kenya kuna mfano naupenda sana. 2008 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na Billy Jack, walichukua matatu zaidi ya 2,000 za safari ndefu. Kwa bahati nasibu zingine zikapewa stika ndani, zikiambia abiria wapige kelele dere akianza wazimu. Zingine hazikupewa. Dere mwenye alikaa na stika zake alikuwa anaingia droo ya kushinda pesa, ndio asizibandue. Hawakuuliza madere ka wameokoka. Walienda kwa makampuni za bima wakahesabu madai. Kwa zile zenye zilipewa stika, madai yalishuka kama nusu, kutoka karibu asilimia 10 kwa mwaka hadi 5. Baadaye hiyo kampeni ikakua ikaitwa Zusha!

Cheki vile imejibu maswali zote mbili kabla uulize. Kati ya ngapi iko. Na ukilinganisha na nani iko pia: mat za njia hizo hizo, mashimo hayo hayo, madere wa tabia hiyo hiyo, ni bahati tu imewatenganisha. Hakuna mtu alichagua madere wapole awape stika. Na dawa yenyewe ni karatasi na mdomo wa mathe, bei yake ukiweka kando ya mtambo wa Autopilot unaeza cheka.

Barabara yetu inaweza hesabiwa pia, na haitaki Georgetown. Pakingi iko na mtu wa kuandika zamu, motard wako na chama, na kila ndai ikitoka kuna mwenye anachukua hela yake. Aandike safari. Hospitali iandike nani ameletwa, alikuwa amepanda nini ama alikuwa anatembea. Daftari mbili, zote zianze siku moja, ndio tusirudie ile shimo yenye Whitfield alipata. Baada ya mwaka shofere akipiga bodi makofi tutakuwa na kitu cha kufungua.

Kabla hiyo siku, iko namba moja kwa ndai yenye hakuna mtu wa matangazo ameigusa. Inama kwa taya. Kando, kwa mpira, tafuta herufi DOT, alafu cheki tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2311 ni wiki ya 23 ya 2011. Taya ya umri huo inaweza kuwa na meno mazuri na bado ikapasuka kwa jua la saa saba, mzigo ukiwa juu ya paa. Shofere atakwambia hiyo ni namba ya kiwanda tu, haina maana. Ina maana.

Alafu vuta mkanda uone ka unatoka. Siti ya mbele imepangiwa wawili, na mkanda ni mmoja. Ka ganji iko, lipia hizo nafasi mbili, ukae peke yako, ujifunge, na uache wenye wako nyuma wakuite bosi mpaka Baraka.